Watu wa Lupangu 0417

Katuba, tarehe 13 Mei 2024

Kwa Mukubwa wa Biro ya Kuhamisha Bantu,

Mimi ni Chileshe, bibi ya marehemu Ngosa, ule soudeur, muchomeleaji wa milango ya vyuma, wa lupangu 0417, kiwanja chetu hapa Katuba. Mwaka jana bantu benu balipita mu mutaa wetu na tableti, balituandika siye bote. Balisema barabara itapita hapa, na kila lupangu itapata nyumba mupya kule ngambo ya muji.

Bwana yangu alikufa tarehe mbili mwezi wa tatu. Mulisema kitu kikibadilika ni lazima kuya kusema. Njo nikaleta karatasi ya kifo ku gishe, dirisha la biro yenu, katikati ya mwezi wa ine. Mama wa gishe akafinya mashine yake, akasema asante. Basi.

Juma lililopita nilirudia kuuliza siku ya kutoka. Akaandika namba, akatazama, akasema: "Mama, lupangu hii haiko."

Nikamuambia: "Nimetoka mwamo asubuhi hii."

"Haiko. Na weye hauko. Na batoto habako."

Nikaomba kuona mukubwa. Akasema bakubwa banapokea tu benye malupangu balioandikwa. Naandika juu ya ile. Papa Aaron, mulinzi wa mulango, amekubali kuingiza barua yangu.

Mukubwa, mimi niko. Niko na batoto batatu: Tracy, Fils na Abigaël. Listi inafungwa tarehe 28 mwezi wa sita. Nani atanipokea?

Chileshe, mujane wa Ngosa


Lubumbashi mjini, 16 Mei 2024

Mama Chileshe,

Barua yako imeletwa kwangu kwa kuwa mimi ndiye ninayetunza orodha katika kompyuta. Pole kwa msiba.

Kwa sasa faili la lupangu 0417 halionekani. Utaratibu wa kuliingiza upya ni huu: atafutwe ndugu wa marehemu ambaye tayari yumo katika orodha, akubali kuandikwa kuwa mkuu wa lupangu. Baada ya hapo, wewe na watoto mtaandikwa chini yake.

Ahsante kwa uvumilivu wako.

Joëlle Mukalay
Mtunza Orodha


Katuba, 20 Mei 2024

Mademoiselle ao Madame Joëlle, sijue,

Ndugu ya marehemu iko moja tu, mukubwa wake Stanislas. Iko na lupangu yake, 0388, na bibi na batoto sita. Siku ya tatu ya matanga alipima vyumba vyetu kwa hatua za miguu, bantu bakiangalia.

Papa Aaron aliponipa barua yako, niliisomea nyumbani. Kosa langu. Stanislas alikuwa amekuya kusalimia mama yake, Mama Delphine, ambaye anakaa kwangu. Akanyanganya karatasi, akaisoma kwa sauti, akacheka. "Unaona, Mama Tracy? Ata biro inasema ni mimi."

Nyumba mupya ikiandikwa jina yake, ni yake. Ananiambia waziwazi: Fils atabaki kwa kuwa ni mutoto mwanaume, mimi na babinti turudie kwetu Mokambo. Kule sina muntu tena.

Sasa nakuuliza, na unijibu kama muntu, hapana kama karatasi. "Halionekani" ni kusema nini? Mulituandika. Nani ametuondoa?

Chileshe


Lubumbashi mjini, 27 Mei 2024

Mama Chileshe,

Nimekaa na barua yako juma zima. Nitajaribu kujibu kama mtu.

Ndani ya kompyuta kuna madaftari mawili. Moja ni la malupangu, jingine ni la watu. Katika daftari la malupangu, kila lupangu lazima liwe na mkuu, na mkuu huyo awe ameshaandikwa katika daftari la watu. Katika daftari la watu, kila mtu lazima awe na lupangu lake, na lupangu hilo liwe limeshaandikwa katika daftari la malupangu. Kila daftari linaliangalia lenzake kabla ya kukubali jina.

Jumatano niliandika lupangu 0417 nikakuweka wewe mkuu. Mashine ikakataa: mtu huyu hayumo. Basi nikakuandika wewe kwanza, mkaaji wa 0417. Ikakataa: lupangu hili halimo. Nilijaribu kwa kila mpangilio nilioujua hadi watu wakatoka kwenda kula, nikabaki peke yangu na ule ujumbe mwekundu. Ili uingie, lazima uwe umeshaingia.

Utauliza wenzako waliingiaje. Waliingizwa wote kwa pamoja mwaka jana, siku moja, kabla masharti haya hayajawekwa. Tangu yawekwe hakuna familia mpya iliyoomba kuingia, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba mlango haufunguki.

Shemeji yako anapita kwa sababu jina lake tayari limo katika daftari la watu. Mashine haimuulizi kama anakaa 0417. Inamuuliza tu kama yupo.

Nilifikiria pia tumwandike yeye kwanza, nikuingize wewe, kisha tukubadilishe uwe mkuu. Lakini fomu ya kubadilisha mkuu inadai saini ya mkuu aliyepo. Je, atatia saini?

Joëlle


Katuba, 3 Juni 2024

Mademoiselle Joëlle,

Hatatia. Jumamosi alileta kitanda. Kitanda kizima, na godoro, juu ya pousse-pousse, mukokoteni wa kusukuma. Akakiingiza mu chumba chetu, mimi na Ngosa. Nikasimama pa mulango, nikamuita yaya, kama vile tunaita mukubwa.

"Yaya Stani, hapa ninalala mimi."

"Hapa ni pa ndugu yangu."

"Ndugu yako amekufa."

"Njo maana niko hapa."

Nikaangalia Mama Delphine ili aseme kitu. Alikuwa anachambua muhogo. Aliendelea kuchambua. Sasa mimi na batoto tunalala ku salon, pa kupokelea bageni, na Stanislas akija anapita juu ya miguu yetu. Biro yenu imemupa siku ya kuleta fomu: Alhamisi, tarehe 27. Anaibeba mu mufuko wa shati, anaipapasa kila saa.

Nilisoma barua yako mara ine. Ile ya madaftari nimeelewa. Kuna kitu kimoja haukusema. Kama mwaka jana niliingia, basi nilikuwa ndani. Muntu mwenye kuwa ndani ya nyumba hatoki kwa sababu mulango haufunguke. Mimi nilitokaje? Na ile masharti, nani aliyaweka?

Chileshe


Lubumbashi mjini, 7 Juni 2024

Mama Chileshe,

Ni mimi.

Masharti yote niliyaandika mimi mwaka jana, mwezi wa Novemba. Orodha ilikuwa imejaa uchafu: watu wasio na malupangu, malupangu yasiyo na watu. Niliambiwa niisafishe, na nilitaka isichafuke tena. Kwa hiyo niliongeza amri mbili. Mkuu akifutwa, lupangu lake lifutwe pamoja naye. Lupangu likifutwa, watu wake wafutwe pamoja nalo. Nilijisifu siku ile. Nilidhani jina litakalobaki peke yake ni uchafu.

Tarehe 17 Aprili uliweka karatasi ya kifo mbele ya gishe. Mama wa gishe alifungua jina la Ngosa akabonyeza "futa", kama alivyofundishwa. Ngosa akaondoka, akaondoka na lupangu, lupangu likaondoka na ninyi wote. Mfinyo mmoja.

Na hili ndilo gumu zaidi kuliandika: nilikuwa nimelijua tayari niliposhika kalamu kukuandikia mara ya kwanza. Nilikuwa nimeliona asubuhi ileile. Nikaandika "halionekani".

Si wewe peke yako. Nimehesabu malupangu kumi na mawili yaliyotoweka hivyo, yote baada ya mtu kuleta karatasi ya kifo. Waliofanya kama tulivyowaambia ndio waliotoweka. Waliokaa kimya wamo.

Jana nilikwenda kwa Mkuu wa ofisi, Bwana Antoine. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama.

"Unaweza kuwarudisha?" akauliza.

"Naweza, lakini lazima nibadilishe masharti yenyewe."

"Orodha imeshapelekwa juu na idadi yake. Ukibadilisha masharti, wataniuliza kwa nini. Nitawaambia nini? Kwamba kwa miezi yote hii tumekuwa tukifuta wajane?"

"Ndivyo ilivyokuwa, Mkuu."

"Joëlle," akasema, na hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka, "mkataba wako unaisha mwezi wa saba. Na mimi nina wangu."

Nina mama yangu hapa Lubumbashi, tulikuja naye kutoka Kalemie baada ya baba kufariki, na anategemea mshahara huu. Sikuandikii hili ili unionee huruma. Naandika kwa sababu uliniuliza.

Joëlle


BIRO YA UHAMISHO – WARAKA WA NDANI
10 Juni 2024

Kwa: Mlle Joëlle Mukalay

Hakuna mtumishi yeyote atakayegusa muundo wa orodha kabla ya kufungwa kwake tarehe 28 Juni. Kesi za malupangu yasiyoonekana zitatatuliwa kwa kuandika mkuu mbadala, kwa utaratibu uliopo. Barua zinazopitia kwa mlinzi zikome.

Antoine, Mkuu wa Ofisi


Katuba, 12 Juni 2024

Mademoiselle,

Papa Aaron amenirudishia barua yangu mukononi, akasema amekatazwa. Hii nimeipitisha kwa mama mwenye kuuzia bantu ba biro maandazi. Haitakuwa murefu.

Ulijua. Mimi nilikuwa ninakuya ku ile gishe kwa miguu tangu Katuba, na mutoto mugongoni, na weye ulikuwa nyuma ya ukuta, unajua.

Nililia kwa ajili ya Ngosa mara moja mu mwezi wa tatu. Sasa ni kama balimuzika mara ya pili, na siye pamoja naye, na hakuna aliyekuya ku matanga.

Usiniandikie kuniambia pole. Niandikie kama utafanya kitu.

Chileshe


Lubumbashi mjini, 19 Juni 2024

Mama Tracy,

Sitakuambia pole.

Nimepata njia. Siku zote mashine inahakiki kila mstari papo hapo: ukiandika jina, inauliza hapo hapo, ukiandika lupangu, inauliza hapo hapo. Lakini inawezekana kuiambia isubiri. Ningeandika lupangu, ningekuandika wewe na watoto, na mashine ingenyamaza mpaka nitakaposema "nimemaliza". Ndipo ihakiki vyote kwa mara moja: lupangu lina mkuu? Mkuu yumo? Kila mtu ana lupangu? Kama jibu ni ndiyo kote, inapokea. Kama kuna pengo hata moja, inarudisha kila kitu nje. Si hila, wala si kudanganya. Sharti linabaki vilevile, ila linaulizwa mwishoni.

Nitaongeza sharti ambalo nilipaswa kuliweka tangu mwanzo: mkuu wa lupangu lazima awe mkaaji wa lupangu hilohilo. Stanislas ni mtu wa 0388. Hatapita.

Na nitaondoa zile amri mbili za kufuta. Mtu akifa hatafutwa tena. Atabaki kwenye mstari wake, na tarehe.

Hiyo njia ya kusubiri nimeijaribu kwenye nakala ya orodha katika kompyuta yangu ya nyumbani. Inafanya kazi.

Ninahitaji majina kamili na miaka ya kuzaliwa ya wote wanaokaa 0417, yaliyoandikwa na mkono wako. Nimetafuta karatasi za kwanza za mwaka jana, na kwenu nimeona majina sita: Ngosa, wewe, watoto watatu, na Delphine Mumba, mwaka 1951. Naye alifutwa siku ile. Je, bado anakaa hapo?

Joëlle


Katuba, 22 Juni 2024

Mademoiselle Joëlle,

Haya ni majina.

Chileshe Musonda, 1986. Tracy Ngosa, 2009. Fils Ngosa, 2014. Abigaël Ngosa, 2022. Na marehemu Ngosa Mumba, 1980, kama umesema atabaki na tarehe.

Ule mwingine hayuko wa kwangu. Mutoto wake anaweza kumuandika ku 0388.

Chileshe


Lubumbashi mjini, 26 Juni 2024

Mama Tracy,

Umo.

Nilifanya leo saa tano asubuhi, mezani kwangu, mlango wazi, watu wakipita. Niliandika malupangu yote kumi na mawili na watu wake sitini na watatu. Nikasema "nimemaliza". Mashine ilichukua muda ambao sijui kuupima. Ikapokea. Mkuu wa lupangu 0417: Chileshe Musonda. Ngosa yumo pia, na tarehe yake, 2 Machi.

Kisha nikaweka lile sharti jipya, mkuu awe mkaaji. Likakataa kuingia. Nilidhani nimekosea. Nikatazama kwa nini: kuna malupangu manne ya zamani yenye wakuu wasiokaa humo, watu wa mjini, ambao kila mmoja ana lupangu lingine. Sikuwajua. Niliweka sharti liwashike wanaoingia kuanzia leo, nikayaandika yale manne kwenye karatasi, nikaenda kuiweka mezani kwa Bwana Antoine. Nikamwambia pia nilichofanya.

Aliisoma karatasi, akaigeuza kana kwamba kuna kitu upande wa pili. "Nani mwingine ameona hii?"

"Mimi na wewe. Na mashine, kila itakapoulizwa."

Hakuvunja nilichokifanya. Nadhani anaogopa kukigusa, maana sasa kukivunja nako kutaacha alama. Aliomba tu funguo zangu. Nimetoka na mfuko mmoja. Papa Aaron alinifungulia mlango, kisha akanifuata nje kunipa mkono.

Kesho shemeji yako ataambiwa hawezi. Sijui atakaporudi nyumbani itakuwaje. Funga mlango wa salon. Mwite jirani alale nanyi.

Sikumwandika Delphine Mumba. Uliniambia nisimwandike, na mkuu wa lupangu ni wewe. Lakini ujue kwamba hayupo popote. Nimeangalia 0388: Stanislas hakumwandika.

Nakwenda Kasumbalesa kwa dada yangu Chancelvie. Kuna wakala wa forodha anayetafuta mtu wa kuandika karatasi za malori. Anwani nimeiandika nyuma.

Joëlle


Katuba, tarehe 11 Agosti 2024

Mudogo Joëlle,

Nimekawia kukujibu. Nilikuwa bado na hasira, na hasira yenyewe sikujua tena ni ya nani. Barua hii inabebwa na Mama Bwalya, anakuya Kasumbalesa kununua unga.

Ile tarehe 27 Stanislas alirudi saa sita. Hakupiga muntu. Alivunja mulango wa kuku. Akakaa mu chumba chetu siku ine bila kutoka, siye tunapita kwa vidole. Siku ya tano bibi yake wa 0388 alikuya kumufuata, akamusemesha kwa nyuma ya mulango: "Stani, batoto bako banakula nini?" Akatoka. Kitanda akakiacha. Sikukilalia. Nilikiweka nje, mvua haiko, kinakauka tu.

Mama Delphine alibaki. Nilifikiri ataenda na mutoto wake. Hakuenda, na Stanislas hakumuita. Mwezi muzima tuliishi hivyo, anapika bukari, ule ugali wetu, mimi napika mboga, hatusemezani. Sikumuambia kama hayuko mu listi. Niliishika ile siri yangu tumboni, mudogo, na nilikuwa naisikia utamu. Nakuambia kweli. Usiku naifikiria: siku ya lori nitaona uso wake.

Lori lilikuya Alhamisi asubuhi. Balituita kwa namba. Muntu wa biro, mupya, simujue, akasoma: "0417, Chileshe Musonda, mukubwa wa lupangu." Tracy akanifinya mukono. Tukapandisha vyungu, magodoro, mashine ya Ngosa ya kusudia, ya kuchomelea vyuma. Batoto bakapanda. Mama Delphine alikuwa amekaa juu ya kifurushi chake, amevaa kitambaa kipya cha kichwa. Akasimama, akashika ubavu wa lori.

Ule muntu akatazama listi. "Mama, jina?"

"Delphine Mumba."

Akatafuta. Akageuza karatasi. "Hauko hapa."

"Mutoto wangu Stanislas, 0388."

Akatafuta tena. "Hauko. Mama, weye hauko."

Joëlle, uso niliongoja niliuona. Haukuwa uso niliongoja. Haukukasirika, haukulia. Aliangalia nyuma, ile nyumba, bantu balikuwa bameisha kutoa mabati. Halafu akaangalia mikono yake, kama vile anahakikisha. Nilifanya vilevile ku gishe mwezi wa tano. Niliangalia mikono yangu.

Nikashuka. Nikauliza ule muntu: "Mukubwa wa lupangu anaweza kuongeza muntu?"

Akasema: "Listi imefungwa kwa malupangu mapya tu. Anaweza, kama anakaa naye."

"Ninakaa naye."

Alifungua tableti. Nilikuwa na woga kama itakataa. Nilisimama pale nikisema mu roho: Joëlle, kama uliifanya vibaya, tumekwisha. Ikakubali mara moja. Akaniuliza: "Jina kamili? Mwaka?" Jina nilijua. Mwaka nilijua pia juu ya barua yako, lakini nilitaka aseme mwenyewe.

Hakusema. Alitoa karte yake ya uchaguzi ndani ya kitambaa cha kiuno, na hakumupa ule muntu. Alinipa mimi. Nikasomea ule muntu mwaka.

Hakunishukuru, na sasa tuko mu nyumba mupya, vyumba viwili, maji mbali, na bado hatusemezani sana. Chumba kimoja ni chake na babinti. Mimi na Fils tunalala ku kile kingine, na usiku nasikia anakohoa nyuma ya ukuta mwembamba, na najua nitasikia hivyo miaka yote, mpaka mumoja wetu awekewe tarehe. Nimemuandika mwenyewe, kwa mukono wangu. Hakuna wa kumulaumu.

Yaya yako,
Chileshe